Boksi la chambo lilinifyatukia mimi, tena nikiwa kazini

Mdogo wangu uliyeuliza, nimekusoma hadi mwisho. Maboksi matatu yameibiwa kibarazani kwako Houston, Texas, tangu Oktoba, la tatu likiwa na dawa za mama mkwe, na sasa unataka kutega boksi lenye springi na unga wa pilipili. Hasira yako naielewa. Mimi si wakili, ila nimesambaza mizigo mji huohuo miaka minne, na boksi la namna hiyo lilishanipata.

Ilikuwa Desemba 2019, msimu ambao gari linajazwa mpaka dereva hana pa kuweka chupa ya maji. Jioni skana ikaniletea ujumbe: mzigo wa fulani umeushusha nyumba ya jirani, rudi ukauchukue. Ni jambo la kawaida, madereva wote tunarudi hivyo. Nikakuta boksi kibarazani, ukubwa uleule, gundi ileile ya karatasi. Kibandiko sikukisoma, giza limeingia na bado nina vituo kama thelathini. Nikalitupa kiti cha pembeni, nikaondoka. Nimefika barabara ya pembeni mwa barabara kuu, likafyatuka.

Zikajaa zile chembe za kumetameta za kupambia kadi, pamoja na harufu ya choo. Kioo cha mbele sikukiona. Akili yangu ilikimbilia Austin, mwendo wa saa tatu hivi kutoka hapo. Machi 2018 kuna mtu alikuwa akiacha maboksi ya mabomu vibarazani mwa watu, wawili wakafa, mmoja kijana wa miaka 17. Sisi tunaoshika maboksi kutwa hatukuusahau mwezi ule. Nikapanda ukingo wa barabara, tairi likapasuka, gari likasimama hatua chache kabla ya nguzo ya umeme.

Mwenye boksi alikuwa mzee mstaafu, mpole kabisa. Alikuwa ameiga video ya boksi la chambo ya Mark Rober, yule mhandisi aliyewahi kufanya kazi NASA, iliyosambaa Desemba 2018. (Rober mwenyewe baadaye aliomba radhi na kukata vipande kadhaa, baada ya kubainika kwamba baadhi ya "wezi" walioonekana hawakuwa wezi.) Mzee alinilipia tairi huku mikono inamtetemeka. Alirudia neno moja tu: "Nilijua atakayelichukua ni mwizi."

Nikamkumbuka babu yangu Pangani. Minazi yake ilifungwa kago, yaani dawa ya jadi ya kulinda mali, na watu walisema mwizi akipanda hashuki mpaka mwenye shamba aje. Uamini usiamini, hilo lako. Ila tazama wazee walivyolipanga: kago halimgusi mkwezi aliyelipwa wala mjukuu aliyetumwa dafu. Linamjua mwizi, tena linamshikilia tu mpaka mwenyewe afike waongee. Springi yako imesoma wapi elimu hiyo? Na hapo kwako, dawa zikisubiriwa, wa kwanza kufika mlangoni ni nani kama si mama mkwe? Pilipili ya unga usoni, mama mtu mzima, na akiwa na pumu je?

Sasa sheria. Texas inasifika kwa kumlinda mwenye mali. Kifungu cha 9.42 cha sheria yao ya jinai kinaweza kumtetea hata aliyempiga risasi mwizi wa usiku, kwa masharti. Ukisogea hadi 9.44, kinachohusu mitego, lugha inabadilika: kifaa kisiwe cha kuua au kujeruhi vibaya, wala kisiwe na hatari kubwa ya kufanya hivyo, na kukitumia kuwe kwa busara kulingana na mazingira. California ni kali zaidi, kuweka mtego wa kudhuru watu ni kosa la jinai hata kabla haujamgusa mtu. Na usije ukautuma mtego wako kwa posta ili "ufike kama mzigo wa kweli". Hapo utaongeza kesi ya serikali ya shirikisho.

Kesi wanayosomeshwa wanafunzi wa sheria Marekani ni ya Iowa, Katko na Briney. Mwaka 1967 mume na mke wenye nyumba tupu ya shambani, iliyovunjwa mara nyingi, walifunga bunduki ya marisau kwenye mlango wa chumba cha kulala. Katko akaingia kutafuta chupa na mitungi ya zamani, mguu ukasagika. Kwa wizi alitozwa faini ya dola 50. Kisha akawashtaki wenye nyumba, akapewa dola 30,000, na mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya Iowa ikaibariki hukumu. Wakauza sehemu kubwa ya shamba ili kulipa.

Na kwa mchangiaji aliyekujibu kwamba Bongo watu wanaunganisha umeme kwenye nondo za dirisha na hakuna kesi: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inakupa haki ya kulinda mali yako, ila kwa nguvu ya kadiri. Waya haujui kadiri.

Fanya hivi. Wapo wezi wanaofuata gari la mizigo. Mimi nilishafuatwa na gari moja la kijivu mitaa mitano. Kwa hiyo kinachotakiwa ni boksi lisionekane toka barabarani. Andika kwenye maelekezo ya oda "weka nyuma ya geti", yanatokea kwenye skana na tunayasoma. Ukiweza, elekeza mzigo kwenye kabati za kufuli za kuchukulia mizigo. Ripoti polisi kila wizi hata kama hawaji: tangu 2019 Texas ina sheria maalumu ya wizi wa barua na vifurushi, na adhabu inapanda kwa idadi ya walioibiwa. Siku mwizi huyo akikamatwa, nawe uwe kwenye hesabu.

Dawa za mama zihamishie duka la dawa leo, ukazichukue mwenyewe dirishani.