Maswali ya wasomaji: mashine kupata moto, oili ya gia nyeupe, petroli iliyolala

Karibu barua zote safari hii zinahusu boti za faiba zinazotoka Jumapili tu, na hilo lenyewe ni nusu ya jibu. Mashine ya mvuvi hufanya kazi kila siku, chumvi haipati nafasi ya kukauka ndani. Ya starehe hulala wiki tatu na maji ya bahari tumboni.

Boti yangu ni ya futi 19, mashine ya farasi 115, mipigo minne. Nikikimbiza kama dakika kumi kengele inalia na mashine inajipunguza kasi yenyewe. Fundi alisema ni impela, ile feni ya mpira inayosukuma maji ya kupoza mashine, nikaweka mpya, lakini hali ni ile ile. Maji yanatoka vizuri tu pale kwenye tundu la nyuma. Nifanyeje? (Msomaji, Mtwapa)

Ule mkondo mwembamba wa maji usikupe imani kubwa, ndugu. Unaonyesha kwamba pampu inasukuma maji. Hauonyeshi kwamba maji yamezunguka silinda zote. Kinyume chake pia ni kweli: mkondo ukiwa dhaifu, mara nyingine ni mchanga au kiota cha mdudu kwenye tundu, na kipande kigumu cha mshipi wa kuvulia kinatosha kuuzibua.

Kwa kuwa impela ni mpya, anza na kazi aliyoifanya fundi. Kuibadilisha kunalazimu giaboksi ishushwe, na inaporudishwa bomba la maji lazima liingie sawasawa kwenye mpira wake juu ya pampu. Likikaa upande, maji mengi huvuja ndani ya mguu wa mashine badala ya kupanda. Muulize pia ile impela ya zamani ilitoka nzima au ilikuwa imepoteza mapezi. Mapezi yaliyokatika hayapotei, hupanda na maji na kukwama kwenye njia nyembamba za juu, na hapo hata impela kumi mpya hazitasaidia. Na kama sahani ya chuma iliyo chini ya impela ina mikwaruzo ya kushikika kwa ukucha, nayo ilipaswa kubadilishwa.

Hayo yakiwa sawa, fungua thamostati, ile vali inayofungua njia ya maji mashine ikipata joto. Tunaamini ndiko liliko tatizo lako. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, upashe moto polepole. Joto la kufunguka mara nyingi limepigwa chapa juu yake. Kwenye mashine za boti huwa chini kuliko kwenye gari, mara nyingi kati ya nyuzi 50 na 70, kwa sababu maji ya bahari yakizidi joto huacha magamba ya chumvi kwenye kuta. Isipofunguka, au ikafunguka nusu, nunua mpya na gasketi yake. Ukiona ukoko mweupe pale ilipokaa, jua njia za ndani nazo zina ukoko huo huo. Zioshwe kwa dawa ya kuyeyusha chumvi iliyotengenezwa kwa mashine za boti, ikizungushwa ndani ya pipa kisha isuuzwe vizuri. Usikubali mtu amwage tindikali ya betri, maana mwili wa mashine ni aluminiamu na utaliwa pamoja na chumvi.

Kuanzia hapo, kila ukirudi nchi kavu, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi dakika 10 hadi 15. Kama mashine ina kiungo cha mpira wa bustani, unganisha mpira huo mashine ikiwa imezimwa. Kama unatumia vikombe vya mpira vinavyobana matundu ya kuvutia maji, fungulia maji kwanza, ndipo uwashe ikiwa katika nyutro, bila kuongeza moto, yaani kasi. Hapa dakika mbili hazitoshi. Thamostati hubaki imefungwa mpaka mashine ipate joto, kwa hiyo maji uliyomwaga mwanzoni hayajafika kule kwenye chumvi. Na usiiwashe kamwe bila maji, hata kwa kujaribu tu, kwani impela ni mpira na huungua kwa sekunde chache.

Nimefungua oili ya gia imetoka nyeupe kama chai ya maziwa. Boti haijagonga mwamba. Naweza kumaliza msimu kwanza? (Msomaji, Msasani, Dar es Salaam)

Hapana. Weupe huo ni maji yaliyochanganyika na oili, na beringi za giaboksi huanza kushika kutu boti ikiwa imeegeshwa.

Mara nyingi mkosaji ni mshipi wa kuvulia. Hujizungusha nyuma ya propela, ukabanwa, ukakata sili za shafti, yaani mipira inayozuia maji yasiingie. Chomoa pini, fungua nati, vuta propela na utazame. Zile washa, yaani pete za chuma, zipange chini kwa mfuatano zilivyotoka, kwani ile nene ya ndani ikigeuzwa propela itasogea mahali isipopaswa. Ukikuta mshipi, kata wote, na sili zibadilishwe hata kama kwa macho zinaonekana nzima. Usipoukuta, chunguza washa ndogo za skrubu mbili za oili. Watu huzirudisha zile zile mwaka hadi mwaka, ilhali ni za kutumiwa mara moja.

Kabla ya kujaza, mwambie fundi apime giaboksi tupu kwa upepo wa shinikizo la psi 10 hadi 14, asizidishe, huku imepakwa maji ya sabuni. Mapovu yatasema panapovuja. Kisha jaza kwa pampu ya oili kutoka tundu la chini, taratibu, mpaka oili itoke tundu la juu bila mapovu. Funga la juu kwanza, ndipo uchomoe pampu na ufunge la chini haraka. Anayejaza kwa juu hufungia hewa ndani na kuondoka na giaboksi iliyojaa nusu. Endesha kama saa moja, ipumzishe, ufungue kidogo uangalie rangi. Baada ya hapo badilisha kila saa 100 za kazi, au kila miezi sita hata kama saa hizo hazijafika.

Niliilaza boti tangu kusi ilipoanza. Sasa inawaka, inakwenda, ukiongeza moto inakata. (Msomaji, Kilifi)

Petroli imechakaa, au imeingiwa na maji ya masika kupitia kifuniko cha tangi juu ya sitaha, ambacho mpira wake hupasuka kwa jua. Fungua filta ya kutenganisha maji, mimina kilichomo ndani ya chupa angavu na ukiache dakika kumi. Maji hukaa chini, mstari huonekana wazi. Yakiwa mengi, kubadilisha filta peke yake ni kupoteza pesa. Nyonya tangi lote kuanzia sakafuni, weka filta mpya ya maikroni 10, kisha mwaga pia mafuta yaliyobaki kwenye kabureta, au kwenye tangi dogo la ndani kwa mashine za kupuliza mafuta. Mafundi wengi huliruka hili la mwisho, halafu mteja anarudi.

Ukiilaza tena, acha tangi likiwa karibu kujaa ili pasiwe na nafasi kubwa ya hewa yenye unyevu, na utie dawa ya kuhifadhi petroli kwa kipimo cha chupa yake. Ukishaitia, washa mashine dakika kumi ili petroli yenye dawa ifike mpaka ndani.

Mzee wangu anasema boti ipakwe shahamu chini kama jahazi. Ni sawa? (Msomaji, Tanga)

Shahamu, na kuchoma chini ya chombo kwa moto, ni mambo ya mbao. Faiba haichomwi, na mafuta yatazuia rangi yoyote kushika baadaye. Kama boti inalala majini, paka rangi ya kuzuia viumbe, lakini rangi yenye shaba isiguse mashine. Shaba na aluminiamu ndani ya maji ya chumvi huunda umeme, na inayoliwa ni aluminiamu. Acha ukanda wa sentimita kadhaa bila rangi hiyo kuzunguka mguu wa mashine. Kama una trela, tusikilize sisi: vuta boti nje kila ukirudi, na hutahitaji rangi hiyo kabisa.

Zinki za mashine yangu hazipungui hata kidogo, mwaka wa pili huu. Ni nzuri sana? (Msomaji, Mwanza)

Hazifanyi kazi. Zinki hufungwa ili ziliwe badala ya mwili wa mashine, lakini ziwani hujifunika utando mgumu na kulala. Funga za magniziamu, usizipake rangi, na uzibadilishe zikifika nusu. Siku ukiipeleka boti baharini zitoe kabla ya kuishusha, kwani kwenye maji ya chumvi huisha upesi mno.