Wadogo zangu mnaojaza shimo la sileji siku nne, nisikilizeni

Jumamosi iliyopita nilipita kwenye shimo la kikundi cha vijana huku kwetu Njombe, wanatengeneza sileji, yaani majani mabichi yaliyokatwakatwa na kufungiwa bila hewa yawe akiba ya chakula cha ng'ombe. Kamwene, kamwene, tukasalimiana. Mahindi yao ekari moja yalikuwa yamesimama vizuri na shimo wamelichimba kwenye mwinuko, maji ya mvua hayaingii. Nikafurahi kwa kweli. Nikauliza wameanza lini kujaza. "Alhamisi, mzee." Na kumaliza? "Mungu akipenda, Jumatatu." Juu pametupwa turubai lenye matundu. Mmoja wao, uso umemng'aa, akaniambia, "Weka mkono hapa, mzee, limeshaanza kupata moto!"

Nikaweka mkono, na moyo ukaniuma. Ndiyo sababu ya kuandika haya.

1. Joto si dalili ya kuiva.

Machi 2016 nilijaza shimo langu la kwanza, mita 5 kwa 2, kina mita moja na nusu. Mashine ya kukatakata nilikodi. Ilitakiwa ije Alhamisi asubuhi, ikaja Ijumaa mchana. Jumamosi mkanda ukakatika. Jumapili tukaenda kanisani. Jumatatu jioni ndipo nilipofunika, na katikati hapo mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha juu ya turubai moja kuukuu. Kila asubuhi nilikuwa nazamisha mkono na kukuta joto, nami nikamwambia mke wangu, "Inaiva." Hakuna aliyenifundisha hivyo. Nililinganisha tu na ndizi tunazofukia ili ziive.

Jani lililokatwa bado linapumua. Likipata hewa linachoma sukari yake, na chachu na ukungu vinaongeza moto. Joto lile mnalolifurahia ni sukari inayoteketea, na sukari hiyo ndiyo chakula cha bakteria wa asidi laktiki, ambao ndio vibarua wenu humo shimoni. Mkiwafungia mapema bila hewa, wanageuza sukari kuwa asidi, pH, yaani kipimo cha uchachu, inashuka hadi karibu 4, na mali inakaa mwaka mzima. Mkichelewa, mmewanyima chakula kabla hawajaanza kazi.

Nilifungua Julai, baridi ya Njombe mnaijua, majani yote yameungua kwa jalidi. Sentimita 40 za juu zilikuwa nyeusi. Kwenye kona ukungu mweupe na wa kijani umeshikana kama sufi. Katikati rangi ya tumbaku, harufu tamu ya sukari iliyoungua, na ng'ombe waliikimbilia. Nikajipa moyo. Kumbe protini ilikwisha kupikwa na lile joto, ng'ombe anashiba na maziwa hayaji. Chini kabisa, maji yalikotuama, palinuka samli iliyochacha, harufu isiyotoka kwenye nguo hata ukifua mara tatu.

Lishe nyingine sikuwa nayo. Nikawa nachambua kwa mkono, natupa yenye ukungu ninaouona, inayobaki nawapa. Neema, ng'ombe wangu bora, alikuwa anatoa lita 14. Ndani ya wiki mbili alishuka hadi 6, akaacha kucheua, akawa anasimama pembeni ameinamisha kichwa. Daktari wa mifugo alipofika aliniuliza swali moja: "Na maziwa haya mnakunywa?" Tulikuwa tunakunywa. Watoto wangu watatu walikuwa wanakunywa kila asubuhi. Akanieleza kwamba sumu ya ukungu haionekani kwa macho, inaenea hata palipoonekana pasafi, na sumukuvu, aina mojawapo ya sumu hiyo, ng'ombe akiila hupita hadi kwenye maziwa. Watoto hawakuugua, namshukuru Mungu. Lakini usiku ule sikulala. Nilimuuza mtamba wa Neema, tumaini langu la miaka miwili, ili ninunue hei (majani makavu) na mashudu ya alizeti ya kufikia mvua za Novemba. Shimo lote likaenda kuwa mboji.

Kwa hiyo mkiniona nafoka, jueni nafoka kwa ajili ya nini. Shimo lijazwe na kufungwa siku hiyohiyo. Likizidi sana, siku ya pili. Kama mashine haijafika uwanjani na ikawashwa ukaisikia, usikate bua hata moja.

2. Shindilieni. Tabaka la sentimita 15 hadi 20, kanyaga, ndipo tabaka jingine. Pipa la lita 200 lililojazwa maji na kuviringishwa linafanya kazi ya watu wanne, ila kona halifiki, huko ni visigino vyenu. Ukichomeka kidole kikazama, bado. Na vipande viwe vifupi, sentimita 1 hadi 2 na nusu, maana virefu havishikani.

3. Pigeni hesabu kabla ya kushika jembe. Ng'ombe 3, kilo 20 kila mmoja kwa siku, siku 150: tani 9. Mita moja ya ujazo iliyoshindiliwa kwa miguu inabeba kama kilo 500. Shimo ni mita za ujazo 18, ongeza kidogo kwa kitakachoharibika.

4. Mahindi yaingie shimoni na magunzi yake yenye punje. Kila mwaka namkuta mtu amevuna mahindi mabichi akauza ya kuchoma barabarani, kisha mabua ndiyo anayaita sileji. Karibu nusu ya lishe kavu ya mmea imo kwenye gunzi! Umeuza nyama, umemwekea ng'ombe mfupa. Vunja gunzi katikati utazame punje: mstari unaotenganisha wanga mgumu na maziwa ya punje ukifika nusu ya punje, ingia shambani. Kisha binya konzi ya majani yaliyokatwa. Yakichuruzika maji, ni mapema. Ukiachia na donge likasambaratika papo hapo, umechelewa.

5. Mabingobingo (majani ya tembo) yanataka kunyaushwa juani saa kadhaa na kuongezewa molasi, kama kilo 30 kwa tani, iliyochanganywa na maji. Mahindi hayahitaji molasi.

6. Ukifungua, fungua upande mmoja tu, kata ukuta wima kutoka juu hadi chini kila siku, ufunike. Na mpe ng'ombe baada ya kukamua, la sivyo maziwa yatanuka sileji na mnunuzi atakurudishia.

Wale vijana sikuwaacha. Tuliondoa tabaka lote lililopata moto, tukapiga simu, mashine mbili zaidi zikaja, majirani wakaja na mapanga. Mimi na mama mmoja wa makamo tulikabidhiwa kona. Saa 4 usiku tulitandika nailoni mpya na kuifukia kwa udongo, mmoja anamulika kwa simu. Nimewaambia wasiguse kabla ya wiki 6. Wamenialika siku ya kufungua, nami nimekubali.