Barua kwa Mwanangu: Kwa Nini Nanunua Barua Kuukuu na Kuacha Stempu Safi

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kwa nini nimetoa pesa zote zile kununua karatasi iliyokunjwa, yenye madoa na pembe zilizolika, wakati stempu ile ile ya tai, safi na isiyo na karatasi, umeiona ikiuzwa kwa bei ya chini sana. Unataka pia kujua kama uninunulie hiyo safi. Jibu la swali la pili litatokana na la kwanza, kwa hiyo nivumilie.

Stempu ile ni ya American Letter Mail Company, kampuni aliyoianzisha Lysander Spooner Januari 1844 ili kubeba barua kati ya Boston, New York, Philadelphia na Baltimore. Wakati huo posta ya serikali ya Marekani ilitoza kwa umbali na kwa idadi ya karatasi. Karatasi moja iliyokwenda maili kati ya 150 na 400 ililipiwa senti 18 na robo tatu. Ikipita maili 400, senti 25. (Hizo robo zinatokana na fedha za Kihispania zilizokuwa bado mikononi mwa watu, reale moja ilikuwa senti 12 na nusu.) Karatasi mbili, malipo mara mbili. Bahasha nayo ilihesabiwa kuwa karatasi, ndiyo maana watu wengi hawakuitumia. Waliikunja barua yenyewe, wakaifunga kwa lakiri na kuandika anwani mgongoni.

Spooner akaja na senti 6 na robo kwa kila nusu aunsi (kama gramu 14), ziwe karatasi ngapi ziwe. Aliyenunua stempu kwa wingi alipata 20 kwa dola moja. Wajumbe wake walipanda treni na meli za moshi kama abiria wengine, na hakuwa peke yake: Hale & Co. ya James W. Hale ilifanya kazi hiyo hiyo kwa ukubwa zaidi huko New England, majimbo ya kaskazini-mashariki. Serikali ikawaandama mahakamani. Spooner, ambaye alikuwa mwanasheria, akachapisha kijitabu akidai kwamba Katiba imelipatia Bunge uwezo wa kuanzisha posta, haikulipatia uwezo wa kumkataza mtu mwingine kuanzisha yake.

Tarehe 3 Machi 1845 Bunge likapitisha sheria mpya iliyoanza kazi 1 Julai: senti 5 kwa nusu aunsi hadi maili 300, senti 10 kupita hapo. Hesabu ya karatasi ikafutwa. Sheria hiyo hiyo ikakaza marufuku ya kubeba barua kati ya mji na mji, na kampuni za akina Spooner zikafunga milango. Ninaamini kabisa kwamba wao ndio walioisukuma serikali kushusha bei, ingawa mageuzi ya posta ya Uingereza ya 1840, yaliyoshusha bei ya barua hadi peni moja, yalikuwa yamekwisha kuwafungua watu macho.

Sasa ichukue karatasi yangu uitazame. Ndani, mfanyabiashara wa Boston anamwandikia mwenzake wa New York mwaka 1844, na anasema ameambatisha ankara. Barua na ankara ni karatasi mbili. Posta ingemtoza senti 37 na nusu. Stempu moja ya tai ikamaliza kazi. Nje hakuna muhuri wowote wa posta ya serikali, na haukupaswa kuwepo. Hayo yote stempu iliyobanduliwa haiwezi kukuambia. Uliyemwona anauza stempu tupu anauza picha ya tai.

Tena huenda hata tai mwenyewe si wa kweli. Hapa ndipo nataka uwe makini sana. Kampuni hizi zilikuwa na stempu za michoro sahili, nyingi za wino wa rangi moja, kwa hiyo kuziiga hakukuwa na ugumu. Ukusanyaji wa stempu ulipovuma miaka ya 1860, George Hussey wa New York alichapisha nakala za kuwauzia wakusanyaji. S. Allan Taylor wa Boston akamzidi: aliiga za kweli, kisha akatunga stempu za kampuni ambazo hazikuwahi kuwepo. Nakala zile leo zimezeeka kwelikweli, karatasi imegeuka rangi na wino umepauka, basi uzee wake haukusaidii kitu.

Stempu ikiwa juu ya barua yake una pa kushika. Yangu imebatilishwa kwa kalamu, yaani imechorwa ili isitumike tena: mstari unaanza kwenye bawa la tai, unavuka ukingo wa stempu na kuingia kwenye barua bila kukatika. Ukiweka lenzi unaona wino umezama kwenye nyuzi za karatasi pande zote mbili. Wajanja hubandika stempu bandia juu ya barua halisi ya zamani, lakini mara nyingi mstari huishia ukingoni, au mkunjo wa barua unapita chini ya stempu nayo haina hata alama. Wengine hawaangalii tarehe: barua ya 1847 yenye stempu ya Hale & Co. haiwezekani.

Kampuni zilizobeba barua ndani ya mji mmoja ziliishi zaidi, na kwa anayeanza ndizo ningeshauri. Alexander Greig aliitoa stempu yake ya City Despatch Post mjini New York Februari 1842, ya kwanza ya kubandika kutumika Marekani, na mwaka huo huo serikali ikainunua huduma yake. Philadelphia kulikuwa na kampuni ya Blood's. Utakuta bahasha za miaka ya 1850 zenye stempu mbili, ya Blood's iliyolipia kutoka nyumbani hadi posta, na ya serikali ya senti 3 iliyolipia safari iliyobaki. Blood's walibatilisha baadhi ya stempu zao kwa asidi, kwa hiyo doa lililokula rangi si kasoro ya kukukimbiza. Mwaka 1861 sheria ikazihesabu njia za wapeleka barua mijini kuwa njia za posta, ambako watu binafsi walikatazwa kubeba barua, na kampuni nyingi za mijini zikaishia hapo.

Kwa hiyo hiyo tai safi usininunulie. Ukiona nyingine juu ya barua, mwombe muuzaji picha ya mbele, ya nyuma na ya ndani, na umuulize kama ina cheti cha wataalamu, kwa mfano cha Philatelic Foundation ya New York. Akikutumia mbele tu, achana naye. Akituma zote, nitumie kabla hujalipa.

Mama yako