Kuzisoma Alama za SAT kwa Mara ya Kwanza

Mtahiniwa anayefanya SAT, mtihani ambao vyuo vingi vya Marekani hutumia katika kudahili wanafunzi, kwa mara ya kwanza, akishafungua matokeo, mara nyingi huigawanya alama yake kwa 1600, yaani alama ya juu kabisa, ili apate asilimia aliyoizoea shuleni. Nami nilifanya hivyo nilipopata 1100: hesabu ilinipa chini kidogo ya asilimia 69, na kwa siku kadhaa niliamini kwamba nilikuwa nimekosa karibu theluthi ya maswali yote. Hesabu hiyo haina maana yoyote, kwa sababu kipimo cha SAT hakianzii sifuri. Sehemu ya Kusoma na Kuandika huanzia 200 na kuishia 800, sehemu ya Hisabati vivyo hivyo, na kwa hiyo alama ya chini kabisa anayoweza kupewa mtu ni 400. Baada ya hapo nimewasaidia vijana wengi kuzisoma ripoti zao, na karibu kila mmoja alihitaji kwanza kuliondoa wazo hilo la asilimia kabla hajaelewa jambo jingine lolote.

Inafaa ujue alama inavyopatikana. Tangu mtihani ulipohamia kwenye kompyuta, mwaka 2023 kwa wanaoufanyia nje ya Marekani na mwaka 2024 kwa walio ndani, kila sehemu imegawanywa katika moduli mbili. Jinsi unavyojibu moduli ya kwanza ndivyo inavyoamuliwa kama moduli ya pili itakuwa ngumu zaidi au nyepesi zaidi, na maswali hayana uzito mmoja katika kukokotoa alama. Isitoshe, kati ya maswali 98 unayoyakuta, manane ni ya majaribio tu, yaani yanapimwa yenyewe ili yatumike siku za mbele na hayakuongezei wala kukupunguzia chochote. Ndiyo maana watahiniwa wawili wanaweza kupata idadi ileile ya majibu sahihi na bado wakapewa alama tofauti, na ndiyo maana sikushauri ukae na mwenzako mkihesabu nani alikosa mangapi. Jibu lisilo sahihi halikatwi alama, kwa hiyo swali uliloliacha wazi halikukuokoa na lolote.

Matokeo huonekana katika akaunti yako ya College Board, shirika linaloutoa mtihani huo. Tumia akaunti ileile uliyojisajilia mtihani. Mtu aliyefungua akaunti ya pili kwa kusahau nywila ya kwanza anaweza kuingia na kukuta hakuna kitu, akadhani alama zake zimepotea. Alama za wengine huchelewa kuliko za wenzao waliofanya mtihani siku hiyohiyo, na kuchelewa peke yake si dalili kwamba unatuhumiwa kwa kosa lolote.

Sasa tuje kwenye namba ambayo wageni huielewa vibaya kuliko zote, nayo ni pasentaili. Ukiona pasentaili 75, maana yake si kwamba umepata asilimia 75 ya mtihani. Maana yake ni kwamba alama yako inalingana na, au imezidi, ile ya watu 75 katika kila 100 unaolinganishwa nao. Hapo lazima uulize ni watu gani hao, kwa kuwa ripoti inaweza kukuonyesha pasentaili mbili. Ya kwanza hukulinganisha na kundi linalowakilisha wanafunzi wote wa Marekani wa madarasa mawili ya mwisho ya sekondari, wakiwamo wale ambao kwa kawaida hawafanyi SAT kabisa. Ya pili hukulinganisha na wale waliofanya mtihani huo kweli katika miaka ya karibuni, na kwa kawaida huwa ya chini kidogo. Kwa mtu anayeomba chuo, mimi naiamini hiyo ya pili, maana hao ndio wanaopanga foleni pamoja nawe.

Pia utaona kwamba alama yako imezungukwa na masafa, yaani kiwango cha chini na cha juu ambamo ungeweza kuangukia kama ungerudia mtihani bila kujifunza jipya. Usiyapuuze. Tofauti ya pointi 10 au 20 kati yako na mwingine haithibitishi kwamba mmoja anajua zaidi, na sidhani kama ni sababu ya kutosha ya kulipia mtihani upya. Vilevile kuna viwango vya utayari wa chuo, 480 kwa Kusoma na Kuandika na 530 kwa Hisabati. Hivyo si masharti ya kudahiliwa, bali ni makadirio kwamba aliyevifikia ana uwezekano wa asilimia 75 wa kupata angalau daraja la C katika kozi za mwaka wa kwanza zinazohusiana na sehemu hiyo.

Baada ya kuisoma ripoti, ilinganishe na vyuo unavyoviomba. Vyuo vingi hutangaza alama za nusu ya katikati ya wanafunzi waliojiunga navyo, kuanzia pasentaili 25 hadi 75. Ukiwa ndani ya nusu hiyo, alama yako haitakuangusha yenyewe, ingawa katika vyuo vinavyokataa waombaji wengi haitakubeba yenyewe pia. Ukiwa chini yake, angalia kwanza kama chuo hicho kinadai mtihani: MIT, chuo kikuu maarufu cha teknolojia, ilirudisha sharti hilo mwaka 2022, ilhali vyuo vya University of California havizingatii SAT kabisa katika kudahili.

Ukiamua kurudia, angalia sehemu gani iliyokushusha, kwa sababu vyuo vingi huchukua alama bora ya kila sehemu hata kama zilipatikana tarehe tofauti. Aliyepata 680 katika Hisabati na 540 katika Kusoma na Kuandika hana haja ya kugawa muda wake sawa kwa sawa. Soma sera ya kila chuo, maana vipo vinavyotaka kuona alama zako zote.

Kuhusu kutuma alama, usajili hukupa nafasi nne za bure, lakini ni lazima uzitumie kabla ya siku tisa kupita baada ya mtihani, wakati ambapo bado hujaona matokeo. Kwa anayefanya mara ya kwanza, bila uhakika wa kiwango chake, naona ni heri kusubiri. Na ukishatuma, ingia katika akaunti ya maombi ya chuo uhakikishe kwamba ripoti imefika, kwa kuwa jina au tarehe ya kuzaliwa isiyolingana na ile uliyojaza kwenye fomu inaweza kuizuia isiunganishwe na faili lako.