Re: Ukumbi wa heshima wa wanamichezo wa Kusini, tuanze na nani?

Mkuu umeuliza tuanze na nani na tuuweke wapi. Mi nasema uwekwe pale uwanja wa Nangwanda Sijaona, Mtwara, watu washapazoea, halafu tuanze na wale vijana wa timu ya soka ya Ndanda ya Mtwara waliotupeleka Ligi Kuu msimu wa 2014/15, na timu ya Namungo ya Ruangwa, Lindi, iliyofika makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika 2020/21, hiyo wala haina mjadala.

Ila jamani tusiishie kwa hao tu! Kuna wazee wa mchangani, kina mama wa netiboli, picha zao ziko majumbani zimegandana na kioo cha fremu, tukazikusanye sasa hivi wenyewe wakiwa hai watutajie nani kasimama nyuma na nani kachuchumaa mbele.