Ulizia Saa, Usiulizie Sosi: Kutafuta Nyama ya Texas Ukiwa Muscat

Kidari cha ng'ombe nilicholetewa mara ya kwanza hapa Muscat kilikuwa kimeogeshwa. Sosi nyekundu juu mpaka chini, tamu kama kashata, na nilipoisukuma pembeni kwa uma nikakuta nyama ya kijivu, ya kuchemsha. Mgahawa wenyewe, ndani ya jumba la maduka, ulijaa picha za ng'ombe wa pembe ndefu na kofia za kauboi. Nikanusa. Moshi ule niliujua: wa chupa, ule unaotiwa kwa kijiko. Mume wangu ananitazama tu, maana miezi mitatu nzima nilikuwa namwimbia nyama ya Texas.

"Ndiyo hii?"

Nikamwambia siyo. Akalipa, tukarudi nyumbani kimya.

Naandika kwa wenzangu waliokaa Marekani, wakanogewa, kisha maisha yakawaleta huku Ghuba. Mimi nilikaa Houston miaka sita. Mtu wa Unguja, nimekua na mishkaki ya Forodhani, nilikwenda nikidhani kuhusu nyama na moto sina la kufunzwa. Nikafunzwa.

Sisi nyama tunaichoma: moto mkali, geuza, kata, ndimu, pilipili, kula. Texas ya kati kidari hakichomwi, kinakaa kwenye moshi. Sehemu ile ni kifua cha mnyama, kinabeba uzito wake siku zote, kimejaa kano na utando. Ukikichoma kama mishkaki utatafuna mpaka taya ziume. Lakini kiweke kwenye joto la nyuzi 120 hivi, mbali na ndimi za moto, saa kumi na mbili au zaidi, na zile kano zinayeyuka zikawa utelezi, ule ule wa supu ya makongoro. Hapo nyama inakatika kwa uzito wa kidole. Hakuna njia ya mkato, na ndiyo maana ya kichwa cha makala hii. Nyama hii ni saa. Sosi ni nguo tu, na mara nyingi ni nguo ya kufichia kitu.

Kuna mji mdogo kusini ya Austin unaitwa Lockhart. Bucha za Wajerumani na Wacheki waliohamia Texas karne ya 19 zilikuwa zikipika kwa moshi nyama ambayo haikununuliwa, isiharibike. Kreuz Market ilianza hivyo mwaka 1900, bucha ya kawaida, na bado wanakufungia nyama kwenye karatasi. Kwa miaka mingi hawakutaka kusikia habari ya sosi wala uma. Nilikwenda na wenzangu wa chuo. Mimi mtu wa nyama ya kuchinjwa, na maharage yao nayo sikuyaamini, nikala mkate na matango ya siki huku nikinusa. Hata kunusa kulitosha kunionesha kitu. Houston ndiko nilikokula, kwa sababu Waislamu ni wengi na wapo wanaopika kidari cha halali kwa moshi wa kweli. Na ukiwa Houston tarehe 19 Juni, siku ya kukumbuka tangazo la uhuru wa watumwa lililosomwa Galveston mwaka 1865, utaelewa kwamba habari hii si ya Wajerumani peke yao. Watu weusi ndio waliosimama juu ya mashimo ya moto ya Kusini vizazi na vizazi. Siku ile mitaa mizima inanuka moshi.

Basi. Uko Muscat, au Dubai, au Doha, na hamu imekushika. Cha kufanya kabla ya kutoka nyumbani ni kupiga simu. Usiulize kama wana brisket, ndilo jina la Kiingereza la kidari hicho, wote watakwambia wanayo. Uliza nyama inaingia motoni saa ngapi, na kwa kawaida inaisha saa ngapi. Mpishi anayejua kazi atafurahi kuulizwa. Atakwambia inaingia usiku, na ukichelewa usimlaumu. Mwingine atakujibu, "Ipo muda wote, madam." Kaa kwako. Kitu cha saa kumi na mbili hakiwezi kuwapo muda wote isipokuwa kimepikwa juzi na kinapashwa moto.

Ukifika, agiza sosi pembeni. Nyama nzuri itakuja na ukoko mweusi, mkavu, wenye pilipili manga. Usidanganywe na ule mstari wa waridi chini ya ukoko, watu wanaupiga picha kama vyeti. Chumvi za kuhifadhia nyama zinaweza kuuleta bila moshi wowote. Kwa kuuliza hivi nimepata sehemu mbili ninazoziamini, zote ndogo, zote zimejificha nyuma ya maduka ya vipuri na tairi, hazina picha ya kauboi hata moja.

Kwa chakula cha baa sina mengi. Baa za Kimarekani hapa ziko zaidi ndani ya hoteli, na mimi si mtu wa kuingia, hata kama ni kwa ajili ya baga. Ila mabawa ya kuku nitayasemea, kwa kuwa ni chepesi kupika nyumbani na watu wanayaharibu bure. Yalianza mwaka 1964 katika baa iitwayo Anchor Bar, mjini Buffalo, jimbo la New York, na hayakuwa na unga. Kuku mkavu, mafuta ya moto, basi. Sosi yake ni siagi iliyoyeyushwa na pilipili ya chupa yenye siki, nusu kwa nusu. Hakuna asali, hakuna nyanya. Mimi hupika ule usiku wa fainali ya mpira wa Kimarekani, ambayo huku inaanza saa tisa na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu. Mchezo wenyewe siuelewi mpaka leo. Nakula mabawa, naswali alfajiri, nalala.

Kidari nacho, mwisho wa yote, utakipika mwenyewe. Nilikataa mwaka mzima, nikakubali.

Tuanze na nyama. Ng'ombe wa Dhofar ni watamu, lakini ni wadogo na hawana mafuta. Kidari chao kipeleke kwenye pilau. Nyama ya bei rahisi ya India mara nyingi ni nyati wa kufugwa, nayo kwa kazi hii inakauka kama kumbi. Unayotaka ni ya Marekani au Australia, kipande kizima cha kilo tano mpaka saba, kikiwa bado na blanketi lake la mafuta. Ya Australia hukatwa mapande mawili: soma kibandiko, chukua kilichoandikwa point end, uache kile cha pili, cha upande wa kitovu, kina mafuta mengi na nyama kidogo. Hakikisha na muhuri wa halali. Muuza nyama wangu pale supamaketi, mtu wa Kerala, mara ya kwanza alikwisha shika kisu kuniondolea mafuta yote, ananifanyia wema. Nilipiga kelele watu wakageuka. Acha mafuta ya unene wa kidole kimoja.

Jiko nunua mwezi wa sita. Shule za wageni zinafungwa, familia zinahama, na majiko mazuri ya mkaa yenye mfuniko yanauzwa kwa bei ya kutupa. Langu nililipata kwa mama mmoja wa Kimarekani aliyekuwa anafunga mizigo, akanipa na kipimajoto bure. Kipimajoto hicho ni muhimu kuliko jiko. Kama unakaa ghorofani, usifanye haya kwenye baraza ya nyumba. Tafuta jamaa mwenye ua, umlipe kwa nyama. Na usiende pwani au bustanini na makaa yako kabla ya kuuliza kama panaruhusiwa.

Kuni ndizo zilizonisumbua. Texas wanatumia mwaloni, na hapa vijimfuko vya vipande vya mwaloni vinauzwa kwa bei ya udi. Jibu nililipata kwa wakwe zangu, upande wa Ibra: samar, jamaa wa mgunga wetu, ndio mti wanaoupikia shuwa, ile nyama ya shimoni ya Oman. Unauzwa kavu barabarani. Moshi wake ni mpole na makaa yake yanadumu. Mti mwingine, ule wa miiba uliovamia mabonde na pwani ya Oman, ni ule ule ambao Kenya wanauita mathenge, na ni binamu wa mesquite, mti wa kuni wa Texas. Unawaka kwa hasira. Kwa kuku au mbavu za saa moja ni mzuri, kwa kidari cha usiku kucha utakula uchungu. Chagua kuni zilizokauka kabisa, na uangalie moshi: ukiwa mweupe na mzito kama wa jaa la taka, subiri. Unaotakiwa ni mwembamba, wa samawati, unaokaribia kutoonekana.

Kiangazi huku mchana ni zaidi ya nyuzi 40, kwa hiyo mimi naanza baada ya swala ya isha. Chumvi na pilipili manga ya kusaga nusunusu, basi, hata kitunguu thomu sitii. Makaa upande mmoja, nyama upande wa pili, bakuli la maji katikati, mfuniko juu. Halafu usifunue. Kila ukifunua unalipa nusu saa.

Mara ya kwanza mama mkwe alikuwa amelala kwetu. Bi mkubwa kazaliwa Unguja, kaja huku akiwa mwari, na Kiswahili chake kinanishinda mimi. Saa kumi na moja alfajiri katoka kutawadha, kanikuta nimekaa kwenye kiti cha plastiki nakodolea kipimajoto. Kilikuwa kimesimama kwenye nyuzi 71 kwa saa tatu, hakipandi wala hakishuki.

"Mwanangu, nyama hii tangu jana haijaiva tu?"

"Bado, mama."

"Basi moto wako umekufa."

Moto haukufa. Na hapa ndipo wengi wanapoharibu, wanaongeza makaa kwa hofu. Nyama inapofika nyuzi 65 mpaka 75 inatoka jasho, na jasho likikauka linaipoza, sawa na mtungi wa udongo unavyopoza maji. Moto unasukuma juu, jasho linavuta chini, kipimajoto kinasimama. Usifanye lolote, au ifunge kwa karatasi ya kaki isiyo na nta ili jasho lisitoke. Mimi nafunga. Ikifika nyuzi 95 hivi, chomeka kijiti: kikiingia kama kinaingia kwenye siagi, imekuwa. Iviringishe kwenye taulo kuukuu, iweke ndani ya sanduku la barafu lisilo na barafu, ipumzike saa mbili. Mara ya kwanza sikupumzisha. Nilikata mbele ya wageni, mchuzi wote ukamwagika mezani, nyama ikabaki kama kamba. Na nilikata kwa kufuata nyuzinyuzi za nyama, badala ya kuzikatiza. Watu walikula kwa adabu.

Vya pembeni havina shida. Maharage unayajua. Sukuma wiki ni ndugu wa mboga wanazopika watu wa Kusini. Mkate wao mweupe laini, badala yake boflo. Na kama lazima uwe na sosi, chemsha nyanya, siki, haradali, sukari guru na ukwaju. Ile sosi nyeusi ya Kiingereza, Worcestershire, inayotiwa kwenye mapishi yao mengi, ina ukwaju ndani yake, kwa hiyo usiende kuinunua ghali, ukwaju uko jikoni kwako.

Kuna watakaokwambia, kwani shida yote ya nini, si kuna shuwa? Niliambiwa na ukoo mzima. Na shuwa naipenda. Sikukuu tunakwenda Ibra, nyama inapakwa viungo, inafungwa kwa majani, inatiwa kwenye kikapu cha makuti, inashushwa shimoni na shimo linafunikwa. Inatoka kesho yake, au keshokutwa. Kwa saa, shuwa inamshinda Mtexas yeyote. Lakini shimo likishafunikwa nyama inaiva kwa mvuke wake, haipati ukoko, na harufu ya karafuu na hiliki inatangulia mbele ya ng'ombe. Ni kitu kingine. Mtu anayetamani ukoko wa pilipili manga usimwambie ale shuwa atulie, hatatulia.

Bi mkubwa, kwa taarifa yenu, siku hizi anaomba zile ncha zilizoungua, ananiambia niwawekee wageni katikati. Wiki iliyopita kanipigia simu kuniuliza kama sikukuu ijayo kidari kimoja hakiwezi kuingia shimoni pamoja na mbuzi, kwanza moshi kwangu mpaka ukoko ushike, kisha Ibra kumalizia. Nimemwambia safari ya Ibra ni karibu saa mbili, itapoa. Kasema basi moshi utawashwa kule kule, niende siku moja kabla, na jiko langu nilipakie kwenye gari.