Kidole kikubwa tangu kuzaliwa: kupunguza au kuondoa?

Kaka, umeuliza kama kidole chako cha shahada, kikubwa tangu kuzaliwa, kinaweza kupunguzwa ukiwa na miaka 34, ukataja pia ganzi inayokupata usiku. Kinaweza, ila usitarajie kifanane na wenzake. Kwa mtoto, madaktari huweza kuzuia mfupa usiendelee kukua. Kwako ukuaji wa mfupa umekwisha, hivyo hupunguzwa mafuta na nyama, upande mmoja kwanza, wa pili miezi kadhaa baadaye, damu isije ikakatika kidoleni. Mfupa nao huweza kufupishwa. Kama kidole hakikunjiki kabisa, mimi ningeuliza waziwazi kuhusu kukiondoa. Mkono wa vidole vinne hushika vizuri kuliko watu wanavyodhani. Na hiyo ganzi ya usiku usiifiche: neva (mshipa wa fahamu) ikinenepa huweza kubanwa kwenye kifundo cha mkono, na njia inamopita hufunguliwa kwa upasuaji.